Kulungu na Bunduki Ndogo: .223 au .243?

SWALI: Wahariri, salaam. Niko Houston, Texas. Wenzangu wa kazini wamenialika shambani kwao Novemba, msimu wa kulungu ukifunguliwa. Sijawahi kupiga bunduki kubwa, na bega langu la kulia lina maumivu ya zamani. Muuza duka anasema .223 yatosha: risasi zake rahisi na haisukumi. Mwenzangu mmoja ananikataza kununua chochote chini ya .243. Nimfuate nani?
*Msomaji, Houston*

JIBU: Mfuate mwenzako, ndugu yetu. (Nambari hizo ni kaliba, yaani takriban upana wa risasi kwa inchi.)

Kulungu wa huko ni yule wa mkia mweupe, mwenye pembe za matawi zinazodondoka kila mwaka. Usimfananishe na mbawala wa kwetu. Dume la Texas ya kati huwa na kilo 50 hadi 70 hivi, ilhali la Minnesota hupita 100. Kwa mnyama wa kadiri hiyo .223 inaweza kuua, na sheria ya Texas haikukatazi. Inachokataza ni risasi inayopigwa ukingoni, yaani .22 ya sungura. Chukua risasi uigeuze, utazame kitako chake. Ukiona kiduara cha fataki katikati, kama kitufe kidogo cha shaba, inaruhusiwa. Kitako kikiwa kitupu bila kiduara, hiyo si ya kulungu. Ila ukihamia Colorado utadaiwa kaliba isiyopungua .24, na Virginia .23, hapo .223 yako itabaki kabatini.

Shida ya .223 ni kwamba haikusamehe ukikosea kidogo. Kichwa chake, yaani kile kinachoruka kumpiga mnyama, huwa na greni 55 hadi 64, karibu gramu 4, na zile za bei rahisi dukani hazikutengenezwa kwa kulungu. Za shabaha zimefunikwa shaba mpaka nchani: hazipanuki, zinapita kama sindano. Za koyoti, yule kama mbweha wa Marekani, zinapasuka mara tu zikigusa mfupa wa bega, zikaacha jeraha pana lisilo na kina. Kwa vyovyote mnyama anakimbia, damu haidondoki ya kufuatwa, naye anakufa kwa mateso mahali usipopajua. Hilo ndilo tunalotaka uliepuke kuliko kitu kingine chochote.

.243 Winchester ilitoka mwaka 1955. Ni ganda la .308, risasi kubwa kuliko hiyo, lililobanwa shingo. Kichwa cha greni 100 kinatoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde, kikiwa na nguvu ya jouli 2,600 hivi, na kwenye yadi 200 bado kina kama 1,800. Wawindaji wengi wa Marekani hushika futi-pauni 1,000, yaani jouli 1,360 hivi, kuwa kiwango cha chini kwa kulungu. Ni kipimo cha mazoea tu, lakini .223 inakishuka kwenye yadi 100 au hata kabla, na .243 haijakishuka kwenye 300. Na msukumo wake begani ni kama nusu na kidogo ya ule wa .308 kwa bunduki yenye uzito uleule. Chagua yenye kitako cha mpira, na usiitafute nyepesi mno, kwa kuwa bunduki nyepesi ndiyo inayopiga teke.

Tazama pia mzunguko wa mifuo ndani ya mtutu, yaani mikondo inayokizungusha kichwa ili kitulie hewani. Mwaka ule ule wa 1955 kampuni ya Remington walitoa .244 yao, karibu sawa na .243, ila mifuo yake ilizunguka mara moja kwa inchi 12, ya Winchester mara moja kwa inchi 10. Vichwa vya greni 100 havikutulia katika .244, wawindaji wa kulungu wakaiacha. Kwa hiyo hakikisha yako ni mara moja kwa inchi 10 (1:10) au kasi zaidi. Kichwa kisipotulia utakiona kwenye karatasi ya shabaha: tundu linakuwa refu kama yai badala ya duara.

Nunua maboksi matatu ya aina moja, risasi 60, za kupanuka zenye greni 95 au 100. Anza kurekebisha darubini kwenye yadi 25, kisha 100, ukiweka risasi ziingie sentimita 4 juu ya katikati. Hapo kwenye yadi 200 zitaangukia karibu na katikati. Ukibadilisha aina ya risasi, anza upya. Kisha ondoka mezani, upige ukiwa umekaa au umepiga goti, kwenye sahani ya sentimita 20, ambayo ni kadiri ya moyo na mapafu ya kulungu. Umbali ambao risasi tano zote zinaingia ndani ya sahani ndio mpaka wako. Ukiwa yadi 80, basi ni 80, hata kama boksi linasema 300. Subiri akupe ubavu, ulenge nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua.

Na kama umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, Texas inakudai cheti cha mafunzo ya uwindaji. Usingoje Oktoba kukishughulikia.

SWALI: Mimi nimeshanunua .243, lakini niko Columbus, Ohio. Naambiwa hairuhusiwi. Kweli?
*Msomaji, Columbus*

JIBU: Kweli, dada, kwa kulungu hairuhusiwi. Ohio inataka risasi ya ganda lililonyooka, lisilobanwa shingo, la kaliba .357 hadi .50. Iuze au uibakize kwa koyoti. Kwa bega dogo tazama .350 Legend, iliyotolewa na Winchester mwaka 2019 kwa ajili ya majimbo kama lako. Jina lisikutishe: kichwa chake ni .357 hasa. Haisukumi sana, na ndani ya yadi 150 inafanya kazi yake vizuri.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Wawindaji wanasema ukishapiga ungoje nusu saa. Nikingoja, si nitamkuta amekufa bila kuchinjwa?
*Msomaji, Minneapolis*

JIBU: Hukumu yenyewe muulize shehe wako kabla ya msimu, pamoja na suala la kutaja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Upande wetu ni huu. Akianguka unamwona, usingoje: nenda kwa nyuma yake, mbali na miguu na pembe, bunduki tayari, kisu kiunoni. Akikimbia, weka alama ulipomwona mwisho, kisha soma damu. Nyekundu yenye povu ni ya mapafu; mara nyingi amelala ndani ya mita 100, mfuate taratibu. Ya kahawia yenye harufu na majani yaliyotafunwa ni ya tumbo. Huyo ukimkimbilia atainuka na kwenda mbali zaidi, hutampata kabisa. Mwache kwa muda wa saa sita au zaidi ndipo umfuate, na kumpata hai ni bahati.