Ng'ambo si ughaibuni: kwenu mnaoanza kutafsiri vyeti

Juzi nimeletewa rasimu ya cheti cha kuzaliwa nihakiki kabla ya mhuri. Mahali pa kuzaliwa: Ng'ambo. Kiingereza chake kimeandikwa "Abroad". Bibi wa watu kazaliwa Unguja mjini, ukivuka Darajani tu umefika kwao, sisi tumeshampeleka ughaibuni! Wadogo zangu, nawapenda na kazi zenu nazisoma neno kwa neno, lakini hili nimelisema tangu mwaka juzi. Naliandika sasa ili lisipotee.

1. Jina la mahali halitafsiriwi kwa kamusi. Ng'ambo iliitwa hivyo kwa sababu ilikuwa upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe. Hori lilifukiwa zamani, jina likabaki. Kwa Kiingereza ni Ng'ambo, na kile kikoma cha juu msikiache.

2. Dar es Salaam ni maneno matatu, "es" kwa herufi ndogo, "Salaam" kwa a mbili, bila vistari. "Haven of Peace" ni ya vipeperushi vya watalii. Halafu msichanganye mkoa na jiji. Tangu 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ni ile iliyokuwa Manispaa ya Ilala. Mtu wa Kinondoni yuko mkoa wa Dar es Salaam, ila cheti chake hakitoki "Dar es Salaam City Council". Someni kichwa cha waraka kabla hamjaanza kuchapa.

3. Mji Mkongwe kwa Kiingereza ni "Stone Town". Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili nimelifanya mimi.

Nilikuwa na mwaka mmoja kazini. Alikuja kijana kapata nafasi ya kusoma nje, ana haraka, kesho yake anapeleka maombi ya viza. Cheti kinasema Mji Mkongwe. Mji ni "town", mkongwe ni "old", nikaandika "Old Town". Mkoa ni Mjini Magharibi, nikaandika "Urban West" bila kutazama pasipoti yake inasemaje. Nikapiga mhuri, nikapokea pesa yangu, nikaenda kula.

Pasipoti ilisema "Zanzibar". Barua ya skuli, iliyoandikwa kwa Kiingereza tangu mwanzo, ilisema "Stone Town". Tafsiri yangu ikaja na majina mawili ambayo hayako kwenye karatasi nyingine yoyote. Na "Old Town", kwa mtu anayesoma Kiingereza mbali na huku, ni Mji wa Kale wa Mombasa, au ni Lamu. Barua ya ubalozi ilimuuliza kama kazaliwa Kenya. Hadi tukarekebisha, muhula ulikuwa umeanza na nafasi yake kapewa mwingine.

Alikuja na mama yake. Yule mama alitoa karatasi yangu kwenye mfuko wa nailoni, kaikunja mara nne, akainyoosha mezani kwa kiganja. Mhuri wangu wa zambarau ulikuwa umelalia neno "Old". Hakupaza sauti. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa umeandika huyu nimemzaa wapi?" Nikamjibu, "Mji Mkongwe, mama." Akasema, "Mbona wao hawajasoma hivyo?" Sikuwa na jibu. Nilimrudishia pesa, akazipokea, akaziweka mezani tena, wakaondoka. Kijana alisoma mwaka uliofuata, kwingine. Ule mwaka mmoja nilimpotezea mimi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika jina la mji, ombeni pasipoti. Kama pasipoti inasema "Zanzibar" na cheti kinasema Mji Mkongwe, andikeni "Mji Mkongwe (Stone Town), Zanzibar", msomaji aone zote ni mahali pamoja.

4. Majina ya zamani yaacheni yalivyo. Aliyezaliwa Elisabethville 1958 hakuzaliwa "Lubumbashi" kwa mujibu wa karatasi yake, jina lilibadilishwa 1966. Salisbury ikawa Harare 1982, Bombay ikawa Mumbai 1995. Andikeni la kwenye waraka, la sasa liende kwenye maelezo ya mtafsiri. Wazee wetu wengi wana vyeti vya namna hii, na warithi wao ndio wanaokuja navyo wakihangaikia mirathi.

5. Maskati ni "Muscat", Maka ni "Mecca", Kairo ni "Cairo". Hizi zina Kiingereza chake, msiziache kwa Kiswahili mkidhani mnafuata kanuni ya kwanza.

Kile cheti cha Ng'ambo nimekirudisha mezani na alama ya wino mwekundu. Mwenyewe anakifuata Jumatatu saa 4 asubuhi. Kirekebishwe leo, kisha niletee pamoja na pasipoti yake.