Bei ikipanda, watu wanahama siku

Ndugu, umeuliza kama tiketi za vituo vya kuteleza thelujini zikipandishwa Krismasi na kushushwa Jumanne, watu wanapungua. Wengi hawapungui, wanahama siku tu. Na siyo wote: mwenye watoto shuleni hana pa kuhamia, atalipa huku ananung'unika.

Marekani wamefika mbali. Tiketi ya siku moja pale Vail, kituo cha kuteleza huko Colorado, imeshapita dola 300 siku za msimu, makusudi kabisa, ili uone heri ununue pasi ya msimu mzima mapema. Ukishalipa, theluji ije isije, hela yako wanayo. Mwaka 2021 kampuni ya Vail ikashusha bei ya pasi kwa asilimia 20. Baridi ilipoingia, malalamiko ya foleni kila kona.

Huku kwetu Bwindi, hifadhi ya gorila Uganda, hesabu ni nyingine, maana kundi moja la gorila linatembelewa na wageni 8 tu kwa siku. Kibali cha kuwaona kiliwahi kushushwa toka dola 600 hadi 450 miezi ya mvua, Aprili, Mei na Novemba, kujaza nafasi zilizobaki wazi. Ila mgeni bado ana nauli ya ndege, gari na loji, halafu tope la magotini.