Sato wako anaomba chakula au anatafuta hewa?

Kila jioni saa kumi na moja nagonga kopo la rangi mara tatu kwenye ukingo wa bwawa langu huku Kigamboni, na kabla sijarusha chakula sato wameshajaa pembeni. Hawakuzaliwa na hilo. Vifaranga nilipowaleta walitimka kila kivuli changu kikigusa maji; mlio wa kopo wamejifunza. Tangu 1923 Karl von Frisch, mtaalamu wa wanyama, alishaeleza jinsi kambale wake alivyokuja akipigiwa mluzi.

Kosa langu lilikuwa kudhani kila wanachofanya wamejifunza kwangu. Alfajiri moja niliwakuta wamejaa juu ya maji, midomo wazi. Nikafurahi, nikajua wana njaa, nikawamwagia chakula. Hadi saa mbili asubuhi nilikuwa nimeopoa mizoga arobaini, na bado inaniuma.

Walikuwa wanatafuta hewa. Usiku mwani, ule ukijani wa bwawani, hautoi oksijeni bali huitumia, kwa hiyo karibu na mapambazuko maji huwa yamepungukiwa kabisa. Hapo sato hupanda juu, hata yule ambaye hajawahi kulishwa na mtu. Hiyo ni silika. Na chakula kisicholiwa kikioza, kinakula hata ile oksijeni kidogo iliyobaki.

Siku hizi nagonga kopo kwanza, halafu nazunguka upande wa pili na kugonga tena. Wenye njaa hunifuata. Wakibaki wametawanyika juu ya bwawa zima wakihema, usilishe: washa pampu au ingiza maji mapya haraka.

Jike aliyejitenga, koo limetuna, hali chakula, naye usimkimbilie na dawa. Amebeba mayai au vifaranga mdomoni, na hakuna aliyemfundisha.

Je, wanafikiri? Mimi naamini wapo wanaofikiri. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichunguza samaki wadogo wa jamii inayopatikana Ziwa Tanganyika. Dume aliyetazama wenzake wakipigana aliweza kupambanua nani dhaifu kati ya wawili ambao hajawahi kuwaona wakikutana. Jamani, hilo kopo haliwezi kulieleza.

Sato wangu sijawapima hivyo, ila najua wanaukumbuka wavu. Nilipovulia mara mbili pale pale ninapolishia, waliacha kuja kwenye kopo kwa siku kadhaa. Sasa nalishia upande wa mwembe, navulia upande wa pili.