Kabla Hujampa Mgeni Maiki

Wiki jana kijana mmoja wa kanisa letu hapa Manyatta, Kisumu, alichaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Ana miaka 34, ana bidii, na swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mzee, nivae suti nyeusi ama ya kijivu?" Nilicheka. Nikamwambia suti yoyote itafaa, ila akishakaa kwenye kile kiti cha mbele, jicho lake lisibanduke kwenye maiki. Ajue iko mkononi mwa nani, imefikaje pale na itarudi saa ngapi.

Hakunielewa, na sikumlaumu, maana mimi mwenyewe ilinichukua miaka.

Sikuanzia kwenye uzee. Nilianzia kwenye kinanda, nikakaa hapo miaka 11. Mpiga kinanda wa kanisa la Kipentekoste anajua siri ambazo washirika hawazijui. Unaanza na mapambio ya kasi, ngoma na kayamba, kina mama wanapiga vigelegele, vumbi linatimka. Kisha unashusha. Unaingia kwenye nyimbo za kuabudu, vidole vinakaa muda mrefu mahali pamoja, sauti inatanda kanisa zima kama moshi wa jikoni, na mhubiri anaanza kusema kwa sauti ya chini. Ukipandisha kidogo tu, mikono inainuka. Ukinyamaza ghafla, mtu analia. Pasta wetu wa wakati ule alikuwa na ishara yake: akiweka mkono mgongoni na kusugua vidole viwili, anataka kinanda laini, kwa sababu sasa anaita sadaka. Nikaona huo wote ni upako.

Mara nyingine ulikuwa upako kweli, sikatai. Nimewahi kuona stima ikipotea katikati ya ibada, spika kimya, kinanda kimya, watu wakaendelea kuimba gizani hadi mtu ukahisi mwili unasisimka. Lakini tangu siku hiyo sikuweza tena kujidanganya kwamba vidole vyangu ndivyo Roho.

Sasa nisimulie ile kesha.

Alialikwa mgeni, mtumishi ambaye hakuna mzee hata mmoja aliyekuwa amewahi kukanyaga kanisa lake. Tulichokijua ni kwamba ana karama ya unabii na kwamba akija watu wanajaa. Saa nane usiku akaomba kinanda laini. Nikampa. Akaita wagonjwa. Akatoka mama mmoja anayeuza omena soko la Kibuye, mwenye presha ya miaka mingi. Mgeni akamwambia, "Mama, unamwamini Mungu au unaamini vidonge?" Mama akafungua fundo la leso, akatoa pakiti ya dawa, akaiweka madhabahuni. Kanisa likalipuka. Na mimi, bila kuambiwa na mtu, nikapandisha kinanda.

Alfajiri nilipokuwa nakunja nyaya niliiona ile pakiti bado iko juu ya kitambaa cheupe cha madhabahu. Vidonge vinne vilikuwa vimeshatolewa, vingine vipo. Nikajua mwenyewe ni nani, na nyumbani kwake ni dakika kumi kwa miguu. Niliitia kwenye mfuko wa kinanda nikaenda kulala. Sikuipeleka. Nilisema moyoni, mimi ni nani hata nirudishe kilichotolewa kwa Bwana?

Wiki ya tatu mama alianguka sokoni. Alipona, Mungu ni mwema, lakini mkono wa kulia hadi leo hauinuki vizuri, na omena sasa anapimiwa na binti yake. Huyo binti hakumtafuta nabii. Alinitafuta mimi. Akaniuliza, "Kaka, wewe ulikuwa hapo mbele. Hukusikia?" Nilisikia, kila neno, kupitia spika iliyokuwa futi tatu kutoka sikioni mwangu.

Usifikiri basi nataka manabii wafungwe midomo. Huku magharibi mwa Kenya jambo hilo lilijaribiwa zamani na halikufaulu. Mwaka 1927 uamsho ulizuka kati ya Wakweka (Quakers, kanisa la Marafiki) wa Kaimosi, watu wakanena kwa lugha na kuungama hadharani. Wakubwa wa misheni wakawakataza, na waliokatazwa wakatoka wakaanza makanisa yao ya Roho. Nyang'ori, kwenye barabara ya Kakamega ukishapita Kiboswa, ndiko bibi yangu alikobatizwa chini ya misheni ya Kipentekoste ya Wakanada, ile iliyozaa kanisa la PAG (Pentecostal Assemblies of God). Hata huko kwenye nyumba ya Roho mwenyewe mambo hayakutulia: Zakayo Kivuli aliondoka mwaka 1942 akaanzisha African Israel Church Nineveh, na hadi leo Jumapili utakutana na watu wake barabarani, kanzu nyeupe na vilemba, ngoma na bendera. Bibi alikuwa akisema nani anene na nani anyamaze ni ugomvi aliozaliwa ndani yake.

Kwa hiyo mzee mpya usianze kwa kuzima. Anza kwa kusoma 1 Wakorintho 14 yote, si ule mstari wa lugha peke yake ambao sisi tunaupenda. Mle ndani Paulo anasema manabii wanene wawili au watatu, "na wengine wapambanue". Hao wengine ndio ninyi mliokaa viti vya mbele. Kupambanua ni kazi yenu, mmeipewa, na haimkoseshi nabii heshima. Mistari michache mbele anaongeza kwamba roho za manabii huwatii manabii. Maana yake mtu akikwambia "siwezi kujizuia, ni Roho", anakudanganya, au anajidanganya.

Sisi tunafanya hivi siku hizi. Mgeni akialikwa, mzee mmoja anapiga simu kanisani kwake, na haongei na yeye mgeni, anaongea na wazee wake. Ukiambiwa "huyo hana wazee, yuko chini ya Mungu tu", mshukuru na ukate simu. Akifika, kabla ya ibada wazee wawili wanakaa naye ofisini, chai iko mezani, wanamwambia kwa upole mipaka ya nyumba. Hapa hatumwambii mtu aache dawa. Ukimwombea akapona, daktari aliyempa ndiye atamwambia aache. Hapa hatutangazi nani ataolewa na nani. Hapa hatumtaji jirani wala mama mkwe wa mtu kuwa mchawi, kwa sababu maneno hayo ukiyasema usiku wa kuamkia Jumamosi, Jumatatu kuna nyumba itachomwa. Na sadaka inaitwa mara moja, na mwenyeji. Watumishi wazuri hawachukii wakiambiwa haya. Mmoja alituambia angetamani kila kanisa limpokee hivyo, apumzike.

La kinanda nimelitafutia kanuni yangu, na vijana wa sifa wamelikubali baada ya kunung'unika sana: mtu akianza kutoa unabii kwa mtu mwingine, na sadaka ikiitwa, vidole vinatoka kwenye kinanda. Kimya kabisa. Neno la Mungu halihitaji kusukumwa kwa nyuma kama gari lililokwama kwenye matope ya Nyalenda. Jumapili ya kwanza tulipofanya hivyo sadaka ilishuka. Nilitarajia. Baada ya miezi kadhaa ilirudi ilipokuwa, na safari hii nadhani waliotoa walijua wanatoa nini.

Hapo ndipo penye mzizi wa yote, na wazee wengi hatupendi kupafukua. Kwa nini yule mgeni wa kesha aliitwa? Kwa sababu paa lilikuwa linavuja na mabati hayakuwa yamenunuliwa. Pasta alikuwa hajalipwa kitu kwa miezi miwili, watoto wako nyumbani kwa karo, na mgeni alikuja na mpango wa kugawana kitakachopatikana. Wazee walijua, nami kwenye kinanda nilijua, sote tukatazama pembeni. Baada ya mama kuanguka ilikuwa rahisi kumnyooshea pasta kidole, na wengine wetu tulifanya hivyo, lakini nyumba yenye njaa hufungulia yeyote anayebisha akiwa na kikapu. Mzee mpya, kabla hujauliza mambo ya karama, uliza pasta anakula nini. Wekeni kiwango, kiandikwe, kilipwe hata kama ni kidogo.

Na pesa zihesabiwe na watu watatu, mmoja wao mama, asiwepo ndugu wa pasta wala ndugu wa mtunza hazina. Zihesabiwe palepale, ziandikwe kwenye kitabu kwa kalamu, wote watie sahihi kabla mtu hajatoka nje. Zinazoingia kwa M-Pesa ziingie kwenye namba ya kanisa, si kwenye simu ya mtu, hata kama mtu huyo ni mtakatifu. Jumapili inayofuata jumla inatangazwa. Kanisa likiandikishwa kwa msajili wa vyama, sheria inataka mkutano mkuu wa kila mwaka na hesabu zisomwe, kwa hiyo mshirika akiuliza zaka yake ilienda wapi, hajaasi. Mjibu.

Kuhusu kelele nitasema kwa ufupi: zungusheni spika zielekee ndani. Kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 zipo, lakini sababu yangu mimi ni jirani wa ukuta wa nyuma aliyejifungua mapacha mwezi wa kesha yetu.

Kuna watakaosema haya yote ni kuleta serikali kanisani. Mwaka 2015 serikali ilipoleta kanuni za kutaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia, nami nilikuwa miongoni mwa waliopiga kelele, na mapema mwaka 2016 zikaondolewa. Tulishangilia. Kisha ikaja Shakahola, mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyedaiwa kuwaambia wafunge hadi kufa ikifukuliwa msituni kule Kilifi, na nikaikumbuka ile pakiti. Sina hamu ya serikali kunichagulia mhubiri. Lakini kama wazee hatupambanui, tunamwomba nani atuache?

Ile pakiti nilimpelekea mama mwaka uliofuata, nikiwa nimeshachaguliwa mzee. Dawa zilikuwa zimeshapita muda. Aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaitazama, akasema, "Ulikuwa unapiga vizuri sana usiku ule." Sikujua niweke wapi uso.

Mwezi uliopita tulikuwa na mgeni mwingine. Wawili wetu tukakaa naye ofisini, chai mezani, tukamweleza mipaka ya nyumba. Alipofika pale pa sadaka kuitwa mara moja na mwenyeji, aliweka kikombe chini, akatazama saa, akasema Roho anamwelekeza Ahero. Tukamsindikiza hadi kwa bodaboda na kumwombea safari njema. Kina mama walikuwa wameshamchinjia kuku wawili, kama ilivyo desturi kwetu, mhubiri hali sukuma tupu. Waliliwa na timu ya sifa. Mpiga kinanda akapewa firigisi.