Jibu: Debian haioni wai-fai ya Broadcom

Ndugu yangu wa Ngamiani, umeuliza kwa nini laptopu yako ya mtumba haioni wai-fai ya BCM4312 (chipu ya wai-fai ya kampuni ya Broadcom) wakati Debian 12 ya 2023, mfumo endeshi wa aina ya Linux, inasifiwa kuja na kila kitu. Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia kadi ya wai-fai, unayo: inaitwa b43, imo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) kwa leseni huru ya GPL. Kinachokosekana ni programu ndogo inayopakiwa kwenye kadi yenyewe. Broadcom hawajatoa ruhusa ya kuisambaza, kwa hiyo Debian hawawezi kuitia kwenye diski ya kusakinishia.

Chomeka simu kwa waya wa USB ugawe bando, ongeza neno contrib (sehemu mojawapo ya hazina ya Debian) kwenye sources.list, faili linaloonyesha programu zinakoshushwa, kisha andika amri hizi kwenye terminali ukiwa msimamizi (root):

apt update
apt install firmware-b43-installer

Kifurushi hicho kitaishusha chenyewe. Zile tovuti za "draiva za bure" achana nazo kabisa, utavuna virusi tu.