Mafuta ya mwarobaini na mtoto anayejikuna usiku

SWALI: Tunaishi Igombe, karibu na ziwa. Kwa wiki mbili mwanangu wa miaka 7 ana vipele katikati ya vidole na kiunoni, na usiku hujikuna hadi kutoka damu. Muuza dawa mmoja mjini Mwanza ameniuzia mafuta ya Kiayurveda, yaani ya tiba ya jadi ya India, ya mwarobaini na manjano, akaniagiza nimpake mara mbili kwa siku na kumnywesha kijiko kimoja ili kusafisha damu. Je, nifuate maelekezo hayo?
Mama wa Igombe

JIBU: Mama, kijiko hicho usimpe. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yakinywewa na mtoto yanaweza kumletea kutapika, usingizi mzito na degedege. Ikiwa ameshayanywa na anaonyesha dalili hizo, mpeleke hospitali mara moja, ukiwa na chupa yenyewe mkononi.

Kuyapaka ni jambo jingine, na sipendi kuibeza tiba hii ya India. Mafuta yake huitwa taila, neno litokanalo na tila, yaani ufuta, na kwa kanuni ya kale sehemu 1 ya dawa iliyopondwa hupikwa pamoja na sehemu 4 za mafuta na 16 za maji au mchemsho wa mitishamba, kwa moto mdogo, hadi maji yakauke. Mafuta yaliyopikwa vizuri hulainisha ngozi kavu, ingawa kwa kazi hiyo mafuta safi ya nazi yanatosha.

Tatizo ni kwamba dalili ulizozieleza si za ngozi kavu. Kuwasha kunakozidi usiku, katikati ya vidole na kiunoni, hunifanya nishuku upele unaoletwa na utitiri, mdudu mdogo mno anayechimba vijia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo. Je, kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Mpeleke mwanao zahanati ithibitishwe kama ni upele huo. Akikutwa nao, kwa kawaida hutolewa dawa ya kupaka ya benzyl benzoate, ambayo kwa mtoto huongezwa maji kwa kipimo cha mtaalamu. Wote mnaolala nyumba moja mpakwe siku ileile, hata asiyewashwa, na nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, kwani anayetibiwa peke yake huambukizwa upya na ndugu anayelala naye.

Vipele vinavyotokea miguuni saa chache baada ya kuingia ziwani ni habari nyingine: huenda ni viluwiluwi vya kichocho vilivyopenya ngozi, na hapo mtoto apimwe mkojo na choo, kwa kuwa hakuna mafuta ya kupaka yanayotibu kichocho.

Kuhusu chupa yako, tazama kama imeandikwa namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ikiwa ipo, jipake tone moja ndani ya mkono, usubiri siku mbili, na ngozi isipowasha wala kuwa nyekundu, yatumie wewe mwenyewe kwa magaga ya miguu.