Chumvi ya barafu: kiasi gani kinatosha?

Ndugu yangu wa Minneapolis, Marekani, umeuliza kama umwage mfuko mzima wa chumvi ya kuyeyusha barafu mlangoni theluji ikianguka. Hapana. Shika koleo kwanza, uondoe theluji. Chumvi ni ya ile barafu iliyogoma kutoka. Kikombe kikubwa, kama gramu 350, kinatosha njia ya gari ya mita 6, punje ziachane, zisirundikane. Zikibaki kavu, zifagie uzitumie tena. Baridi ikipita nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida karibu haifanyi kitu, mwaga mchanga. Usipoweka kabisa, mleta barua atateleza avunjike nyonga. Ukizidisha, inaishia ziwani: kijiko kimoja cha chai huharibu lita 19 za maji, na haitoki tena. Gari nalo lioshe chini chumvi itoke, kutu huanzia huko.